Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu: Alama ile ni yangu, si ya mjukuu wangu

Kwa Waziri wa Elimu wa Kenya, kwa wakuu wa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) na Baraza la Mitihani (KNEC), na kwa kila mwalimu mkuu atakayesomewa barua hii na mzee wa kijiji chake.

MINTARAFU: KAZI ZA SHULE TUNAZOFANYA SISI WAZEE USIKU

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, naanza kwa kuungama.

Miaka miwili iliyopita nilipata alama ya juu kuliko zote katika somo la Kilimo, Gredi ya 4. Karatasi ilirudi nyumbani imeandikwa Kuzidisha Matarajio. Nina miaka 68. Jina lililo juu ya karatasi hiyo ni la mjukuu wangu wa kike, ambaye kazi ilipokuwa ikifanywa alikuwa amelala fofofo mkekani, mdomo wazi.

Ilikuwa hivi. Saa mbili usiku jirani yetu alibisha hodi. Yeye ana simu ya WhatsApp. Yangu ni kabambe, haiingii kwenye kikundi cha wazazi, kwa hiyo habari za shule hunifikia kwa miguu ya jirani, tena akishaepua chungu chake. Ujumbe ulisema kesho asubuhi kila mtoto aje na sanamu ya kutishia ndege. Mtoto alikuwa ameshakula, macho yanamfumba. Tukaanza naye. Akanishikia fito mbili nikazifunga kwa kupishana. Kufika saa tatu kichwa kikawa kinamwangukia kifuani. Nikamwambia, "Kalale mama, babu atamalizia."

Nikamalizia, karibu saa sita. Kanzu yangu kuukuu, majani makavu ya mgomba tumboni, nazi isiyofuliwa ikawa kichwa, kofia juu yake, kamba ya makumbi kiunoni. Mke wangu aliitazama akasema imenishinda kwa uzuri. Asubuhi mwenye bodaboda alimpakia mtoto nyuma yake, sanamu katikati, mimi mwisho, akadai nauli ya abiria watatu, nami sikuwa na hoja ya kumjibu.

Kule shuleni nilikuta sanamu zaidi ya hamsini zimeegemezwa ukutani, zinamsubiri mwalimu kama wazee kwenye foleni ya Inua Jamii, zile pesa za serikali za kuwasaidia wazee. Nilipozitazama nilijua kila moja imetoka mkono wa nani. Ile ilifungwa fundo la muezekaji makuti. Hii shati lake limepindwa pindo vizuri, nyanya yake ni mshonaji. Ile nyingine ina misumari, na mtoto wa miaka tisa hapigi msumari ukaingia wima namna ile. Sisi wazee tuliokuwa tumezisindikiza tulitazamana, tukacheka chinichini, kila mtu akaenda zake.

Wiki iliyofuata alama zikaja. Shemeji yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, alimpongeza mtoto akamwuliza: "Hebu niambie, uliitengenezaje?" Akajibu, "Babu ndiye ajuaye."

Jibu hilo limenikaa rohoni hadi leo, kwa sababu ni kweli. Na yale ninayoyajua hayakuulizwa na mtu. Nilipokuwa na umri wake nililala dunguni katika shamba la mahindi la marehemu babangu karibu na mto Sabaki. Dungu ni kitanda kirefu cha miti unachokijenga juu ili uone shamba lote. Alfajiri tulikuwa tukiwinga ndege kwa kombeo na kwa kelele za debe, mchana tumbiri, usiku nguruwe mwitu. Sanamu tulikuwa nazo pia, lakini marehemu alikuwa akizihamisha kila baada ya siku mbili tatu, maana ndege si mjinga. Akiona kanzu haisogei, siku ya nne anakuja kutua kichwani mwake. Hiyo ndiyo ilmu ya sanamu, Waheshimiwa: mahali pa kuisimamisha, upepo uipige kutoka wapi, siku ya kuihamisha. Mjukuu wangu hakuipata. Alichopata ni alama. Na sanamu yenyewe haikuwahi kuona shamba, ilibaki nyuma ya darasa mpaka mvua za masika zikaiozesha kanzu yangu.

Msinielewe kwamba naukataa mtaala huu wa umilisi (CBC). Nimepita chini ya mitaala mitatu, mmoja kama mwanafunzi, mmoja kama baba, na huu kama babu. Mimi ni wa mtihani wa CPE, zama za miaka saba ya msingi. Kazi yetu ilikuwa kukariri, na aliyesahau alikumbushwa kwa fimbo. Wanangu ni wa 8-4-4, ulioanza 1985. Wengi mmesahau kwamba hata huo ulikuja na maneno haya haya ya mikono na ujuzi: sanaa na kazi za mikono, sayansi kimu, kilimo, muziki. Tuliambiwa tujenge karakana kwa harambee, tukachanga, kuta nyingine zikafika nusu zikasimama hapo. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 masomo mengi ya namna hiyo yalikuwa yameondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane.

Na huko nako nina la kuungama. Mwanangu aliambiwa alete upawa aliouchonga mwenyewe. Nilirudi kutoka kazini usiku, nimechoka, kesho yake nikapita sokoni Malindi nikanunua upawa uliokamilika, kifuu kimepigwa msasa, mpini umekazwa. Alipata alama nzuri. Leo ni mtu mzima, na hata kukuna nazi anakuna kwa taabu. Kwa hiyo ninaposema kuna kosa, sisemi kama mtu aliyekaa mbali na kosa.

Mtaala huu wa umilisi ulipoanza kuenezwa nchi nzima Januari 2019, nilifurahi kwa dhati. Nilisikia redioni kwamba mtoto atajifunza kwa kutenda, kwamba familia itashirikishwa, kwamba katika gredi za mwanzo mtoto atasoma na lugha ya kwao. Nikamwambia mke wangu, sasa zamu yetu imefika. Yeye anasuka ukili tangu hajavunja ungo. Anajua miyaa ichumwe lini, ianikwe vipi, ichemshwe na rangi kwa muda gani. Ana mikono ya kufundisha darasa zima. Nikadhani watamwita.

Walichomwita nacho ni karatasi ya kutia sahihi. Kuna fomu ambayo mzazi au mlezi hutakiwa kuandika maoni yake kuhusu kazi ya mtoto. Siku hiyo mimi nilikuwa hospitali na mgongo wangu. Mke wangu alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, si shuleni kwenu. Herufi anazozijua yeye ni za Kiarabu, na kwa herufi hizo huandika Kiswahili kizuri, kama walivyoandika mabibi zake na washairi wa pwani hii kwa karne kadhaa. Akaandika mistari miwili: mtoto amejitahidi, lakini ana haraka, mwambieni atulie. Karatasi ikarudi na alama ya kuuliza nyekundu pembeni, na maneno kwamba mlezi aandike vizuri au aweke dole gumba. Ndugu zangu, mtu aliyeandika ushauri wa maana kuliko wote katika karatasi ile akaambiwa aweke dole gumba. Simtaji mwalimu wala shule, na sidhani alikusudia kumdhalilisha. Alikuwa hajui kwamba hayo ni maandishi.

Nije kwenye hesabu, maana huko ndiko barua hii inakoelekea.

Nimeelezwa, na mnajua kuliko mimi, kwamba matokeo ya mtoto anapomaliza Gredi ya 6 hayatoki kwenye mtihani wa KPSEA peke yake. Mtihani huo ni asilimia 40. Asilimia 60 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 4, ya 5 na ya 6. Kisha sehemu ya matokeo hayo inamfuata hadi Gredi ya 9. Wazo zuri hilo, kwa sababu linamwokoa mtoto na ajali ya asubuhi moja. Najua pia kwamba si kila homuwaki inayofika kwenye tovuti ya KNEC, na kwamba kazi za tathmini zinatakiwa zifanyikie shuleni mbele ya mwalimu. Lakini mwalimu wa mjukuu wangu ana watoto sabini na zaidi darasani. Mkimpa mradi wa vitendo na watoto sabini, bila vifaa wala nafasi, mradi huo utakuja nyumbani tu. Na ukija nyumbani saa mbili usiku kwa kutakiwa asubuhi, utafanywa na mtu mzima tu. Kisha mtoto wa fundi seremala atazidisha matarajio, na yatima anayeishi na bibi asiyeona vizuri atawekwa Mbali na Matarajio, na nyote mtaamini mmepima watoto. Mmetupima sisi.

Wazazi walishapiga kelele, hilo halina siri. Septemba 2021 mtaala huu ulifikishwa Mahakama Kuu. Mwaka wa 2022 Rais William Ruto akaunda jopo chini ya Profesa Raphael Munavu, likasikiliza watu katika kaunti, na baadaye masomo ya sekondari msingi yakapunguzwa kutoka 14 hadi 9. Tunashukuru kwa hilo. Ila katika yote niliyoyasikia redioni wakati ule, neno lilikuwa mzazi, mzazi, mzazi. Mzazi anunue, mzazi ashirikiane. Njooni mpite nyumba za kijiji chetu jioni mwone mzazi yuko wapi. Mama wa hawa wangu wawili yuko Uarabuni, anafua na kulea watoto wa wenyewe. Baba yao anahangaika Mombasa na huja mwisho wa mwezi, mwezi mwingine haji. Nyumba ya kushoto ni bibi na wajukuu wanne. Nyumba ya kulia ni babu peke yake na kijana wa Gredi ya 8, mzee anayejifunza kupika chapati akiwa na miaka 73. Mzazi mnayemwandikia yuko kwenye simu, na simu iko mbali.

Yule bibi wa wajukuu wanne anapata shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, zinapokuja. Mwezi mmoja niliketi naye tukapiga hesabu ya alichotoa kwa ajili ya shule: manila, gundi, rangi, nauli ya kwenda saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, iliyoko barabara kuu, na kuchapisha. Zilizobaki hazikufika mfuko wa unga.

Hiyo saiba nayo! Mjukuu wangu mdogo, yule ambaye kwa utani wetu wa pwani ni mume mwenzangu, maana nyanya yake humwita mume na mimi hunikalia mbali, aliagizwa picha za rangi za wanyama wa kufugwa. Ziwe picha zilizochapishwa, zikatwe, zibandikwe. Nikapanda bodaboda shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, nikalipa shilingi 30 kila ukurasa. Kijana wa saiba akanitafutia mbuzi kwenye intaneti, mbuzi mweupe, msafi, wa Ulaya kwa nilivyomwona. Nilipofika nyumbani mbuzi wetu alikuwa amefungwa nyuma ya jiko anakula maganda ya muhogo. Akaniangalia, nami nikamwangalia.

Mtoto angeweza kumchora huyo. Angechora vibaya, miguu mitano labda, lakini angekuwa amemtazama mbuzi kwa saa nzima, na kutazama ndiko nilikotarajia atafundishwa.

Sasa niwaambie jambo lililokwenda sawa, msije mkasema mzee huyu kazi yake ni kunung'unika.

Mwaka jana mdogo huyo aliambiwa aonyeshe hatua za kukua kwa mmea au tunda lolote analolijua. Wengi walichora mharagwe, kwa sababu ndio ulioko kitabuni. Nyanya yake akamchukua hadi chini ya mnazi. Hakumshikia kalamu. Alimwokotea vilivyoanguka akavipanga mkekani kwa mstari: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Akampa dafu anywe, akampa koroma aonje aone maji yalivyobadilika na nyama ilivyokaza. Akampasulia nazi iliyoanza kuchipua amwonyeshe joya ndani yake, akamwacha alile. Mtoto akachora mwenyewe, picha mbaya sana, akaandika majina yote matano kwa mwandiko wake uliolala.

Mwalimu wake ni kijana kutoka bara. Kwao hakuna minazi. Angeweza kuweka alama nyekundu, kwa maana hayo maneno hayakuwa kwenye mwongozo wake. Badala yake alimwita mtoto mbele akamwambia aeleze. Akaeleza, nasikia, kwa dakika kumi, na alipofika kwenye joya wenzake wakaanza kumeza mate. Jumamosi ile mwalimu akaja nyumbani na daftari. Akaketi barazani, mke wangu akamrudia yote tangu kidaka, naye anaandika. Alipomaliza alisema, "Bibi, nimesomea ualimu lakini hili sikufundishwa." Mke wangu alikaa wiki nzima anatembea kama amerudi kutoka hija.

Mtoto alipewa Kufikia Matarajio, siyo kuzidisha, kwa sababu mchoro haukuwa safi. Sawa kabisa. Alama hiyo ni yake, kila herufi ni yake, na ukimwamsha usiku wa manane atakwambia koroma ni nini.

Tofauti ya sanamu yangu na nazi za nyanya yake ndiyo ombi langu. Mwalimu yule alipima maelezo ya mtoto, hakupima uzuri wa kitu alicholeta. Basi fanyeni huo uwe utaratibu, msiuache kwa bahati ya kumpata mwalimu mwenye moyo. Andikeni katika mwongozo wa tathmini kwamba kitu chochote kilichotengenezwa nyumbani hakipewi alama kwa sura yake. Mtoto asimame nacho aulizwe: nani alikufundisha, ulianza na nini, uliharibu wapi, ulirekebishaje? Kwa watoto sabini hawezi kuwauliza wote siku moja, najua. Awaulize kumi leo, kumi kesho kutwa, au wawaelezane wawili wawili yeye akipita kusikiliza. Mtoto aliyelala kazi ikifanywa atajulikana kwa swali la kwanza. Na sisi wazee tukishajua kwamba uzuri wa sanamu haumsaidii mtoto, tutaacha kukesha. Tutamwachia fito na kamba, tukae pembeni tumwelekeze kwa mdomo, jambo ambalo kwa kweli ndilo tulilokuwa tukilitaka.

Yapo na mengine, haya ni mepesi. Mradi wa nyumbani utolewe wiki moja kabla, wikendi moja iwe katikati, kwani mikono ya mtoto huhitaji mchana. Uandikwe kwenye daftari lake kwa Kiswahili chepesi, usipite kwenye simu ya mtu peke yake. Na asiagizwe kitu cha kununua au kuchapisha ambacho kipo hai nje ya mlango.

Kisha kuna hili la kuitwa. Miongozo yenu inamtaja mgeni mwalikwa anayeweza kuja darasani kufundisha ujuzi wake. Katika shule ninazozijua, mgeni huyo akialikwa huwa ni afisa mwenye tai, anazungumza dakika ishirini, anapigwa picha. Mgeni wa kweli anaishi mita mia mbili kutoka getini na hajawahi kualikwa. Alhamisi moja kila mwezi, kwa muda wa saa mbili asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Leo bibi anayesuka ukili, mwezi ujao mzee wa kusuka madema, mwingine fundi wa makuti. Mradi ufanyike pale pale, mbele ya mwalimu, kwa mikono ya watoto, na mali ghafi inayoota nyuma ya uzio. Hapo yatima naye anapata babu wa kumwelekeza, hata kama kwao hana. Hamtahitaji bajeti kubwa. Chai na mahamri mkiweza. Wazee wengi watakuja hata kwa maji ya kunywa na kiti chenye mgongo, ingawa mimi, kwa sababu ya mgongo wangu, nasisitiza hicho kiti.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inatupa sisi tuliovuka miaka 60 haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Nimekisoma mara nyingi. Sijawahi kukitumia mahali popote, na nadhani chini ya mwembe ule kingefaa kuanzia.

Na lile dole gumba, naomba mliondoe. Mlezi asiyeandika kwa herufi zenu amwambie mtoto maoni yake, mtoto ayaandike, mlezi asikie yakisomwa. Mtoto atakuwa amepata zoezi la kuandika, na bibi hatakuwa ametiwa wino kidoleni kama mtu aliyekwenda kupiga kura.

Mjukuu wangu mkubwa sasa yuko Gredi ya 6, mwaka wa KPSEA. Ameagizwa alete kitu kilichosukwa, kwa Jumatatu ijayo. Amechagua kawa la kufunikia chakula. Ninapoandika barua hii yuko barazani na nyanya yake. Hesabu ya miyaa imempotea mara tatu, na mara zote tatu ameambiwa afumue aanze upya. Mara ya pili alilia, akaja kunitazama kwa macho yale ya saa tatu usiku. Nilitazama pembeni. Mkono wangu ulikuwa unanisisimka, maana kusuka najua, na kwa nusu saa ningelimaliza likawa duara kama mwezi.

Jumatatu litakuja kawa lililopinda upande wa kushoto, na ukili mmoja mpana kuliko wenzake. Mwulizeni kwa nini limepinda. Anajua.

Wenu mtiifu,

Babu wa wajukuu wawili, kaskazini ya Malindi